Mgonjwa yuko hoi, dodoso limejazwa nusu: nifanyeje?

Swali: Mimi ni muuguzi, Kigoma mjini. Tunafuatilia akina mama wenye saratani ya shingo ya kizazi walio kwenye jaribio la dawa. Kila hudhurio wanajaza dodoso la ubora wa maisha, QLQ-C30. Wengine wanafika hoi na kuacha maswali wazi, wengine hawafiki kabisa. Mtoto amjazie mama yake? Au ninakili majibu ya mwezi uliopita?

Jibu: Dada, usinakili. Sehemu kubwa ya maswali yale 30 inauliza hali ya wiki moja iliyopita, na mwezi uliopita mama huyo huenda alikuwa na nguvu zake. Acha nafasi wazi, ila andika sababu: amezidiwa, amekataa, amekosa nauli kutoka Uvinza, au sisi ndio tulisahau kumpa fomu. Mtakwimu anazihitaji sana sababu hizo, kwa kuwa asiyejaza mara nyingi ndiye aliye taabani. Tukibaki na majibu ya wenye nafuu tu, dawa inayotesa watu itaonekana haina shida, na wagonjwa watakaofuata ndio watakaoumia.

Maswali machache yakiachwa, si yote yamepotea. Uwezo wa mwili una maswali matano. Matatu yakijibiwa, alama zake zinakokotolewa. Usingizi na hamu ya kula vina swali moja moja, likirukwa basi. Kwa hiyo kabla hajaondoka pitia kurasa zote, umuulize taratibu: "Mama, hili umeliacha makusudi?" Akisema ndiyo, heshimu.

Asiyeweza kusoma, msomee neno kwa neno pamoja na machaguo yote. Swali la kwanza linataja kubeba mzigo mzito kama mfuko wa manunuzi au sanduku. Ukiligeuza kuwa ndoo ya maji, umeuliza swali lako. Daktari anayemtibu asiwe msomaji, maana huku kwetu wengi watamjibu "sijambo" kwa heshima tu. Na mpe dodoso kabla hajamwona daktari wala kupewa majibu ya vipimo. Habari mbaya hubadilisha kila jibu linalofuata.

Mtoto ashike kalamu tu, jibu achague mama. Ndugu huona kutapika, huzuni wakaikosea. Protokali, yaani mpango ulioandikwa wa jaribio, ikiruhusu ndugu ajibu, onyesha kwenye fomu kuwa amejibu yeye. Asiyefika, kama simu inaruhusiwa, mpigie ndani ya siku zilizopangwa kwa hudhurio hilo, na uandike kuwa amejibu kwa simu.