Msiiache Shikamoo Getini: Kwa Wadogo Zangu Wanaoanza Kuigiza Dublin

Wiki iliyopita nilikuwa ndani ya hema la ekstra, yaani waigizaji wa kujaza picha wasio na maneno, huko Bray karibu na Dublin, tangu saa kumi na moja alfajiri, na mezani pangu walikaa vijana watatu wa kwetu. Wa kwanza alikuwa anafanyia mazoezi lafudhi ya Kimarekani aliyoiokota kwenye simu, wa pili alinieleza kwa fahari kwamba hajapiga simu nyumbani miezi minne na hatapiga mpaka apate nafasi yenye maneno, na wa tatu akaniuliza kama ni kweli Cillian Murphy, yule mwigizaji Mwayalandi, alifika Hollywood kwa kuikimbia Ayalandi. Chai ilinipalia. Wadogo zangu, makosa hayo yote niliyafanya mimi kabla yenu, tena kwa ustadi zaidi, kwa hiyo nisikilizeni kidogo.

1. Tuanze na huyo Murphy, maana mnamtaja sana bila kumjua. Alizaliwa Cork, mji wa kusini mwa Ayalandi, mwaka 1976, baba yake akiwa mtumishi wa wizara ya elimu na mama yake mwalimu wa Kifaransa. Mwaka 1996 alikuwa akisomea sheria katika chuo kikuu cha mji huohuo na akafeli mitihani yake. Bendi aliyopiga pamoja na mdogo wake ikapewa mkataba wa kurekodi, nao wakaukataa, sababu mojawapo ikiwa mdogo mtu alikuwa bado yuko sekondari. Mwaka huohuo akaingia katika tamthilia ya watu wawili iliyoandikwa na Enda Walsh na kuchezwa na kikundi kidogo cha Cork, kwa usemi wa mtaani wa Cork uliokolea kiasi kwamba hata Mwayalandi wa kaskazini angelazimika kutega sikio. Tamthilia hiyo ilizunguka Ulaya, Kanada na Australia. Huyo ndiye mnayesema alikimbia.

2. Video ya usaili irekodiwe taa ikiwa mbele yenu, na vazi la watu lisimwagiwe chai.

3. Mkipewa maneno ya Kiswahili yaliyoandikwa vibaya, semeni siku hiyohiyo. Hapa mniruhusu nikae, kwa sababu hili ndilo linaloniuma. Katika mwaka wangu wa tatu hapa nilipata nafasi yangu ya kwanza yenye maneno, katika filamu fupi: mhamiaji anampigia simu mama yake usiku, akiwa amesimama kwenye mvua. Skripti ilikuwa ya Kiingereza, na ile sini moja, yaani onyesho hilo la simu, ikapitishwa kwenye programu ya kutafsiri. Nilisoma: “Hujambo, mama. Ninakukosa. Kila kitu kitakuwa sawa. Chukua uangalifu.” Mimi, mtoto wa Tanga niliyechapwa kwa kusahau shikamoo mbele ya wageni, niliona kila kosa kabla sijafika mwisho wa mstari. Nilijua mtoto haanzi na hujambo kwa mzazi wake. Nilijua hakuna aliyewahi kumwambia mama yake “ninakukosa” kana kwamba amemlenga jiwe likapita pembeni. Ila mwongozaji alikuwa mpole, muda ulikuwa unakimbia, na mimi niliogopa kuitwa mgumu wa kufanya naye kazi, nikayasema yote kama yalivyo, teki sita, yaani kurekodiwa mara sita, huku nikilia machozi ya kweli. Kila mtu pale alinipigia makofi.

Video nikaituma kwenye simu ya mpwa wangu ili mama aione. Aliitazama mara mbili, jirani yake akiwa pembeni, kisha akanipigia: “Umependeza, baba. Sasa yule mama uliyekuwa unaongea naye, ni wa nchi gani?” Nilicheka, naye akacheka, tukaendelea na habari za mvua na bei ya mchele. Mwaka uliofuata alifariki. Msibani, wajomba zangu, kwa nia njema kabisa, waliiwasha tena ile video ili wageni wamwone mtoto aliyefanikiwa ughaibuni, nami nikakaa jamvini nikijisikia nikimwambia marehemu achukue uangalifu. Mwongozaji yule sina kinyongo naye, kwani angejuaje? Aliyejua nilikuwa mimi.

4. Nyumbani pigeni simu kila wiki, hata kama mmekuwa mgongo tu nyuma ya nyota.

5. Kuhusu watoto, nawaandikia ninyi mliokwisha kuoa. Murphy na mkewe waliishi London miaka mingi, na mwaka 2015 wakarudi Dublin na wana wao wawili. Yeye mwenyewe amesema hadharani kwamba wavulana hao walikuwa wameanza kusema Kiingereza cha kikabaila cha Uingereza, jambo ambalo halikumpendeza, na kwamba alitaka wakue karibu na babu na bibi zao. Najua mtajibu kwamba yeye ana pesa, na ni kweli, kwani kutoka London hadi Dublin ni saa moja angani, ilhali nauli ya Dar es Salaam inanilia miezi kadhaa ya kusimama kwenye mvua. Lakini kumsemesha mtoto Kiswahili mezani hakuna nauli. Tarehe 10 Machi 2024 alipotwaa Oscar ya mwigizaji bora kwa kumwigiza Oppenheimer, yule mwanasayansi wa bomu la atomiki, akiwa wa kwanza aliyezaliwa Ayalandi kuipata, alijitaja pale jukwaani kuwa Mwayalandi mwenye fahari, akamalizia shukrani zake kwa Kiayalandi, lugha ambayo raia wengi wa nchi hii hawaitumii katika shughuli zao za kila siku. Binti yangu alikuwa amekaa nami tukitazama marudio. Akaniuliza kwa Kiingereza yule mtu amesema nini, nami nikajikuta namjibu kwa Kiingereza.

6. Jana usiku yule kijana wa lafudhi ya Kimarekani alinitumia skripti aliyopewa, akitaka nimsikilize. Kwenye mstari wa nne kuna “ninakukosa”. Nimemwambia asilale, nampigia sasa hivi.