Skipper wa Norwich, aliyejitangaza kwa udongo

Mmeuliza wiki hii: ni msanifu gani wa majengo aliyeubadilisha mji wake bila kukimbilia jiji kuu? Mimi namtaja George Skipper, mzaliwa wa Dereham, kamji ka Norfolk mashariki mwa Uingereza. Alizaliwa 1856, akafariki 1948, na kazi zake nyingi ziko Norwich na mkoa wake wa Norfolk.

Nilisoma Norwich, na kila nikienda sokoni nilipita London Street, ilipokuwa ofisi yake ya mwaka 1896. Inua macho: ukutani kuna picha zilizofinyangwa kwa udongo mwekundu wa kuchoma. Mafundi wanachonga, na Skipper mwenyewe yumo, anawaonyesha wateja kazi. Enzi hizo msanifu kujipigia debe ilikuwa mwiko. Basi hakuandika hata neno moja, alijiweka ukutani tu. Nani angemshtaki kwa pambo? Udongo wenyewe ulitoka kiwanda cha Gunton, Costessey, nje kidogo ya mji.

Mwaka 1899 akamaliza Royal Arcade, kichochoro cha maduka chenye paa la kioo na vigae vya maua na tausi. Upande wa sokoni aliacha uso wa hoteli ya zamani, kwa hiyo ukiingia unashtuka. Gazeti la huko liliufananisha na kipande cha Alfu Lela U Lela kilichodondokea mji mkongwe.

Kubwa kuliko yote ni Surrey House, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1900 iwe makao ya kampuni ya bima ya Norwich Union. Kulikuwa na marumaru iliyokusudiwa kanisa kuu la Westminster, London. Skipper akawashawishi wakurugenzi waichukue. Ukumbini nguzo za rangi rangi, kuba juu, utadhani umeitwa ikulu, kumbe umekuja kulipia bima! Nadhani ndiyo ilikuwa hesabu yao: mwenye kuweka akiba ya wanawe anataka kuona nyumba isiyotikisika.

Mshairi John Betjeman alisema Skipper kwa Norwich ni kama Gaudí, yule msanifu wa Hispania, kwa Barcelona. Hapo naona chumvi imezidi kidogo. Gaudí alibuni lugha yake, Skipper alichota huku na kule, leo mtindo wa Kiholanzi, kesho wa Kirumi, kadiri mteja alivyotaka.

Duka kubwa la Jarrold, pembeni mwa soko, nalo alilichora yeye. Likapanuka mpaka likaimeza ofisi yake. Picha za udongo bado ziko pale pale, juu ya vichwa vya wapita njia.