Kabla ya kusema dawa ya kifafa imegoma

Mkuu, umesema mdogo wako wa kike ana miaka 24, anameza kabamazepini mg 200 asubuhi na mg 200 jioni, huu ni mwezi wa nne, na bado anaanguka mara mbili kwa mwezi. Mmeambiwa dawa imegoma na aongezewe ya pili. Kwa maelezo hayo, naona dawa bado haijajaribiwa vya kutosha kusema imegoma.

Mg 400 kwa siku kwa mtu mzima ni dozi ya mwanzo tu. Wengi hutulia wakifika mg 800 hadi 1,200 kwa siku, wengine chini kidogo ya hapo. Halafu kabamazepini ina tabia yake: hulichochea ini kuivunja kwa kasi zaidi, kwa hiyo ndani ya wiki tatu hadi tano kiwango chake kwenye damu hushuka ilhali vidonge ni vilevile. Ndiyo sababu wengi hupata nafuu mwanzoni kisha wanaanza kuanguka upya, na lawama zinaenda kwa dawa. Daktari hupandisha mg 100 hadi 200 kila baada ya wiki moja au mbili, mpaka mashambulizi yakome au dalili za dozi kuzidi zijitokeze: kuona kitu kimoja kama viwili, kuyumba, kizunguzungu. Dalili hizo zikija saa chache baada ya kumeza kisha zikapotea, mara nyingi dawa inapanda kwa ghafla kwenye damu. Kuigawa mara tatu kwa siku, au kutumia vidonge vinavyoachia dawa polepole, husaidia bila kupunguza dozi. Vidonge hivyo vya polepole havisagwi wala kutafunwa.

Vipele ni habari nyingine. Vikitokea miezi ya mwanzo, hasa pamoja na homa, vidonda mdomoni au macho mekundu, nendeni hospitali siku hiyohiyo bila kumeza dozi inayofuata.

Jambo la pili ni aina ya kifafa, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Kabamazepini inafaa kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo: mkono mmoja kuanza kucheza, harufu ya ajabu, kutafunatafuna huku mtu haelewi anachofanya, kisha ndipo mwili mzima unakakamaa. Lakini kama asubuhi akiamka mikono inashtuka na kuangusha kikombe, au huwa "anapotea" sekunde chache huku macho yamekodoa, dawa hiyo inaweza kuzidisha mashambulizi. Kupandisha dozi hapo ni kuharibu zaidi. Mrekodi kwa simu tangu mwanzo wa shambulio, uso na mikono vyote vionekane. Video ya dakika moja mara nyingi humsaidia daktari kuliko EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) ya nusu saa, maana EEG safi haithibitishi kwamba mtu hana kifafa. Video hiyo pia huweza kuonyesha kwamba mashambulizi hayatoki kwenye umeme wa ubongo, na hayo hayatibiwi kwa dawa za kifafa hata kidogo.

Kuhusu kuruka dozi, muulizeni bila kumgombeza, la sivyo atadanganya. Fenobabitali, dawa nyingine ya kifafa, hukaa mwilini siku nyingi, ndiyo maana humezwa mara moja usiku. Kabamazepini huisha haraka zaidi, na kuruka dozi mbili mfululizo kunatosha kumwangusha. Akisahau, ameze anapokumbuka, ila kama saa ya dozi nyingine imekaribia aache iliyopita. Asimeze mbili kwa pamoja. Angalieni pia dawa nyingine anazotumia: rifampisini ya kifua kikuu hushusha kabamazepini, antibiotiki erithromaisini na isoniazidi ya kifua kikuu huipandisha hadi mtu akaanza kuyumba, tramado ya maumivu na antibiotiki siprofloksasini zenyewe huweza kuchochea shambulio. Kukesha na pombe mnavijua.

Kwa kuwa ni binti wa umri wa kuzaa, hili lisisubiri. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitali hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi. Sindano ya miezi mitatu au kitanzi havina tatizo hilo. Akipendekezewa valproeti, nayo dawa ya kifafa, ulizeni kwanza kuna njia gani nyingine: takriban mtoto 1 kati ya 10 waliokuwa tumboni wakati mama anaitumia huzaliwa na kasoro za maumbile, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata shida za ukuaji wa akili. Hata hivyo, aliyekwisha kushika mimba asiache dawa yoyote ya kifafa ghafla. Aonane na daktari haraka.

Ikiwa yote hayo yamekaguliwa na bado anaanguka, kawaida dawa ya pili huingizwa taratibu hadi ifanye kazi, kisha ile ya kwanza ndiyo ipunguzwe. Dozi ya levetirasetamu huweza kupandishwa haraka, kwa kawaida mg 500 mara mbili kwa siku, lakini huwafanya baadhi kuwa na hasira au huzuni nzito. Familia ndiyo hugundua kwanza. Lamotrijini ni nzuri kwa wanawake wengi ila haitaki haraka: peke yake ni mg 25 kwa siku wiki mbili, kisha mg 50 wiki mbili. Pamoja na valproeti huanza kwa mg 25 siku moja ndiyo, siku moja hapana. Pamoja na kabamazepini huanza kwa mg 50 kwa siku, kwa kuwa huvunjwa upesi. Kuharakisha ndiko huleta vipele hatari. Akiiacha zaidi ya siku tano, hairudishwi kwa dozi ya zamani, inaanzwa upya.

Zikishindwa dawa mbili zilizochaguliwa vizuri na kupewa dozi kamili, kuendelea kubadilisha vidonge miaka na miaka ni kupoteza muda. Utafiti wa wagonjwa 470 uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha asilimia 47 walitulia kwa dawa ya kwanza, asilimia 14 kwa ya pili au ya tatu, na asilimia 3 tu kwa kuchanganya mbili. Hapo anahitaji MRI (picha ya ubongo kwa sumaku) iliyopangwa mahsusi kwa kifafa na EEG ya muda mrefu yenye video, kutafuta kama kuna kovu linaloweza kukatwa. Kwa kifafa cha sehemu ya pembeni ya ubongo, jaribio la mwaka 2001 lilikuta asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji hawakuwa na mashambulizi ya kupoteza fahamu baada ya mwaka, dhidi ya asilimia 8 waliobaki na dawa tu. Watu huogopa kisu wasiogope mashambulizi, ilhali kifafa kisichodhibitiwa nacho huua.

Lishe ya mafuta mengi, gramu 4 za mafuta kwa kila gramu 1 ya protini na wanga, husaidia zaidi watoto na lazima isimamiwe na mtaalamu wa lishe. Hata sukari iliyomo kwenye dawa za maji inaweza kuivuruga. Kifaa cha kusisimua neva ya vagasi, iliyo shingoni, hupunguza idadi ya mashambulizi, mara chache huyamaliza.

Nyumbani, anapoanguka, tazameni saa. Mlazeni ubavu, wekeni kitu laini chini ya kichwa, msimtie kitu mdomoni na msimshikilie kwa nguvu. Shambulio likizidi dakika tano, au likafuatwa na jingine kabla hajapata fahamu, ni dharura: diazepamu ya njia ya haja kubwa au midazolamu ya kwenye shavu kama mlikwisha kuandikiwa na kuelekezwa, na safari ya hospitali ianze wakati huohuo.