Kombe la kitabu na mpira: majibu kwa wasomaji

*Kijana wangu yuko sekondari hapa Texas. Shule yao imechukua kitu kinaitwa Lone Star Cup. Nilipomuuliza ni mchezo gani, akanicheka. Ni kombe la nini? (Mama wa watatu, Houston)*

Hongera, dada. Amekucheka kwa sababu si kombe la mchezo mmoja. Hutolewa na UIL, chombo kinachosimamia mashindano ya shule Texas, ambacho Chuo Kikuu cha Texas kilikianzisha mwaka 1910 kwa ajili ya midahalo, si mpira. Kombe lenyewe lilianza mwaka wa masomo 1997–98. Timu ya shule ikifanya vizuri, iwe ya mpira, riadha, mdahalo au bendi, shule inaokota pointi, na mwisho wa mwaka zinajumlishwa. Mshindi wa kila daraja la shule, kwa idadi ya wanafunzi, hupata kombe na dola 1,000 za kusaidia masomo. Kwa Texas hiyo ni hela ya soda: mji wa Allen, kaskazini ya Dallas, walifungua uwanja wa shule uliogharimu dola milioni 60 hivi mwaka 2012.

*Upande wa masomo wanapima kwa wastani wa mtihani? (Mwalimu wa michezo, Iringa)*

Hapana, mwalimu, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Daraja la mtihani haliingii kabisa kwenye hesabu ya kombe. Kinachohesabiwa ni mashindano ya kitaaluma, yanayochezwa kama mechi. Chukua hesabu za kichwa: maswali 80 kwa dakika 10, na huruhusiwi kuandika chochote pembeni ila jibu. Ukifuta au ukiandika juu ya jibu la kwanza, swali hilo umelikosa. Kuna tahajia, sayansi, uandishi wa habari, na tamthilia fupi ambayo lazima iishe ndani ya dakika 40; ikizidi, kundi limeondolewa, hata kama ukumbi mzima ulikuwa unalia.

Timu hizo zina makocha na mazoezi ya jioni, na zinapanda basi kwenda mashindanoni kama timu ya mpira. Mtoto asiyejua kupiga danadana anavaa fulana ya shule na kushangiliwa. Napenda jambo hili kuliko kombe lenyewe. Ila tuseme kweli: linapima vipaji vya wachache waliochaguliwa. Wale mia nane waliobaki darasani wanaelewa au hawaelewi, kombe halijui.

*Niko kidato cha tatu, ni winga. Hesabu zinanishinda, lakini kocha anasema nisijali, timu inanihitaji. Nimsikilize? (Dodoma)*

Mdogo wangu, huko Texas kocha wako asingethubutu. Mwaka 1984 walipitisha sheria wanayoiita "no pass, no play": hujafaulu, huchezi. Ukipata chini ya 70 katika somo moja tu, unakaa nje. Mwanzoni adhabu ilikuwa wiki sita. Mwaka 1995 wakapunguza hadi tatu, na mchezaji akaruhusiwa kuendelea na mazoezi. Sheria ilipoanza, makocha walikasirika sana. Gavana Mark White, aliyeisimamia, akashindwa uchaguzi wa 1986, na wengi wanasema hasira hizo zilichangia. Sheria ilibaki.

Wewe mwombe kocha akuachie jioni mbili kwa wiki ukae na mwalimu wa hesabu. Akikataa, mwambie mwalimu wa darasa, usibishane naye peke yako. Na winga anahitaji magoti mazuri: jeraha moja la msimu, na huyo kocha atakuwa na winga mwingine.

*Shule kubwa si zitameza ndogo? (Msomaji, Mombasa)*

La. Shule zimegawanywa madaraja sita kwa idadi ya wanafunzi, na kila daraja lina kombe lake. Zile ndogo kabisa zinacheza hata futiboli ya Kimarekani ya watu sita kila upande badala ya kumi na mmoja.

*Kwa nini Tanzania tusiwe na kombe kama hilo? (Mzazi, Morogoro)*

Ningelipenda, lakini tusianze na mtihani. Tangu Januari 2023 NECTA, Baraza la Mitihani, haitangazi tena shule kumi bora, na mimi naona wamefanya vyema. Orodha ile ilikuwa tangazo la bure kwa shule zinazochagua watoto mlangoni. Tukiunganisha daraja la kidato cha nne na magoli, tutairudisha orodha ileile kwa kupitia dirishani.

Tatizo la pili ni UMISSETA yenyewe, michezo ya shule za sekondari. Ngazi ya shule na wilaya watoto wanacheza, kisha wazuri wanachujwa kuunda kombaini, hadi taifani inakwenda timu ya mkoa. Mkoa ukishinda netiboli, pointi apewe nani? Mfungaji katoka shule ya kata, mlinzi katoka shule ya bweni ya wilaya nyingine. Kenya hawana shida hiyo, kwa sababu shule huenda taifani kwa jina lake, na ikishinda inavuka mpaka kwenda michezo ya Afrika Mashariki na jezi ileile. Sisi tungeweza kuanzia wilayani, ambako shule bado ni shule: mpira, netiboli, mdahalo, insha, kwaya. Afisa michezo mmoja, daftari moja la pointi, na kombe la bei ya mbuzi.