Anaijua hatari, ila wenzake walikuwa wanamtazama

*Shangazi, mwanangu ana miaka 15, mpole, na darasani anafanya vizuri. Juzi usiku alichukua pikipiki ya baba yake kimyakimya, akapakia wenzake wawili, wote bila helmeti. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu, "Sijui, mama." Baba yake anasema ni kiburi, anataka kumpeleka akaishi kwa babu yake. Nifanyeje? – Mama Mwenye Hofu*

Pole sana, dada yangu. Tumshukuru Mungu walirudi wazima.

Hilo "sijui" mimi naliamini. Akiwa ametulia, kijana wa umri huo hukueleza hatari za pikipiki karibu sawa na mtu mzima. Mambo hubadilika wenzake wakiwepo. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, waliwapa watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, wengine peke yao, wengine mbele ya wenzao. Wa miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi sana walipotazamwa. Wa miaka 24 na kuendelea, kuwepo kwa wenzao hakukuwabadilisha. Wakati wa balehe, sehemu za ubongo zinazofurahia msisimko na sifa huchangamka mno, ilhali sehemu ya nyuma ya paji la uso, inayotuzuia na kupima matokeo, huendelea kukomaa hadi baada ya miaka 20.

Basi usimhubirie yale anayoyajua tayari. Kumhamisha nako sikuungi mkono: kwa babu pia atapata marafiki. Funguo zilale chumbani kwenu kuanzia leo, na adhabu ya kuvunja uaminifu aipate, bila fimbo.

Kisha mkubaliane jambo moja. Akijikuta mahali wenzake wanamsukuma, akutumie ujumbe wa nukta moja tu. Wewe mpigie papo hapo, foka kabisa: "Rudi nyumbani sasa hivi!" Atanung'unika mbele yao kwamba mama yake mkali, aondoke na heshima yake. Usiku huo usimhoji. Mhoji kesho, akishalala na kula.

Ukiona pombe, huzuni isiyoisha au dalili za kujidhuru, hayo mpelekeni kwa mtaalamu wa afya bila kungoja.

Na huyo baba, kabla hajamfungia mtoto mizigo, akae naye wawili tu amuulize: ni nani aliyetoa wazo, na ni wapi njiani alipotamani kurudi?