Maharage machanga yanajaa maji

Swali: Shangazi, nimepunguza wanga, sasa kila nikioka maharage machanga na bekoni na krimu yanatoka yamelegea na maji yamejaa chini ya trei, nakosea wapi? Unga wa ngano sitaki.

Jibu: Mwanangu, shida ni maji tu. Chemsha maharage dakika 3 basi, yatie kwenye maji baridi halafu yakaushe kwa kitambaa, yakaushe kwelikweli maana hapo ndo wengi wanaharibu. Bekoni ikaange kwanza, mafuta yake usimwage jamani, kaangia kitunguu saumu. Changanya na krimu nzito na jibini, oveni digrii 200, dakika 15 hadi 20, juu iwe kahawia. Unga wa nini? Jibini inatosha kushikisha. Chumvi onja kwanza, bekoni ina yake.