Gemu kongwe ya mtandaoni: kuijenga upya au kuitunza? Jibu refu kutoka Amu (Lamu)

Ndugu yangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Gemu yenu ya kivinjari ina miaka kumi na mitano, aliyeiandika ameshaenda zake, seva yaanguka kila Ijumaa usiku wachezaji wakijaa, na nyinyi mlioirithi mmegawanyika: vijana wataka ibomolewe yote iandikwe upya kwa Unity, programu ya kisasa ya kuundia gemu, wakongwe wasema atakayeigusa watamhama. Umeomba aliyepitia haya aseme.

Mimi nimepitia. Kwa miaka kadhaa nilikuwa mmoja wa mafundi wa kujitolea wa gemu ya biashara ya majahazi, ya kivinjari kama yenu. Wachezaji wake wengi walikuwa wa Amu, Malindi, Mombasa na Unguja, na wachache waliokwenda kufanya kazi Uarabuni. Jina silitaji, mwenyewe hapendi. Na kwa vile natoka Amu najua mwatarajia nilete mfano wa jahazi na kalafati. Sileti. Tuzungumze seva.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyetaka kusoma yote ajue pa kunipinga: kanuni za gemu zitunzeni kama zilivyo, jengeni upya kile tu ambacho kinakufa chini yake, na kila mnachojenga kijaribuni kwanza kwenye mashine dhaifu kuliko zote walizonazo wachezaji wenu. "Msimbo haueleweki" mimi siihesabu kuwa sababu. Msimbo wa mwenzio, hayo maandishi ya programu, siku zote haueleweki, na huo wenu mpya hautaeleweka vilevile kwa atakayewarithi nyinyi.

Kwetu kilichokufa kilikuwa Flash, programu ya Adobe iliyoonyesha skrini za gemu ndani ya kivinjari. Adobe walitangaza mwaka 2017 kwamba wataiacha, wakaiacha tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 wakaizuia hata kwa aliyekuwa nayo tayari kwenye kompyuta yake. Hapo hapana mjadala wa kutunza. Skrini za zamani zilizoandikwa kwa ActionScript 2, lugha ya Flash, tuliziokoa kwa Ruffle, ile programu huria inayoiga Flash ndani ya kivinjari. Za toleo lake jipya, ActionScript 3, ziligoma wakati ule, kwa hiyo ramani na soko tukaviandika upya kwa JavaScript, lugha ya vivinjari. Lakini sikiliza hapa: seva hatukuigusa. Maombi yale yale kutoka kwa skrini, majibu yale yale kutoka kwa seva. Miezi kadhaa kabla ya Desemba skrini zote mbili zilikuwa hewani pamoja, mchezaji achague, na seva haikuwa na habari nani anatumia ipi. Malalamiko yalikuja kidogo kidogo tukayatengeneza kidogo kidogo. Flash ilipozimwa, wengi walikuwa wameshahama bila kuambiwa hameni.

Seva nayo ilikuwa na ajali yake. Ilikuwa ya PHP 5, lugha ya kuandikia seva, na PHP 7 ilipotoka Desemba 2015 ile familia nzima ya kazi za mysql_, amri za kuzungumza na hifadhidata, iliondolewa. Sisi tulikuwa nazo mamia, zimetawanyika kila faili. Tukajikokota na toleo la 5.6 mpaka nalo likaacha kupata marekebisho ya usalama mwisho wa 2018. Kuna aliyesema basi na tuandike seva nzima upya, na alikuwa na michoro tayari, mizuri kweli. Kilichofanyika ni kuandika faili moja tu lenye kazi za majina yale yale ya zamani, ndani yake zikiita mysqli, mrithi wa mysql_. Msimbo wa kale ukaendelea kuita mysql_query kama kawaida, haujui kwamba chini yake kumebadilishwa. Haipendezi kuitazama. Inafanya kazi.

Sasa nikueleze kwa nini naziogopea kanuni kuliko msimbo. Katika gemu yetu kila shehena inayoingia bandarini ilitozwa ushuru wa asilimia 5. Aliyeiandika alitumia hesabu ya namba nzima, desimali inakatwa. Ukiingiza pishi 100 za karafuu unalipa 5. Ukiingiza 19, hesabu yatoa 0.95, inakatwa, unalipa sufuri. Ni kasoro, hakuna anayebisha. Lakini wachezaji wageni, wengi wao watoto wa shule, waliigundua wakawa wanapeleka vidau vingi vyenye pishi 19 19, na hiyo ikawa ngazi yao ya kupandia. Tajiri mwenye majahazi makubwa hakuhangaika na pishi 19, haimlipi muda wake. Kwa hiyo kasoro hiyo ilikuwa inafanya kazi ambayo hakuna mtu aliyeipanga: inawabeba wanyonge.

Mwenzetu mmoja, fundi mzuri kuliko mimi, aliandika upya sehemu ya bandari kwa usafi kabisa. Desimali zikahesabiwa, ushuru ukatozwa sawasawa. Haikupita muda wageni wakawa wanajisajili, wanacheza siku chache, wanapotea. Tukatafuta tatizo kwenye intaneti, kwenye skrini ya kujisajili, hata tukasingizia mitihani. Aliyetufumbua macho ni kijana wa Malindi aliyeandika kwenye soga ya gemu: "Bandari imekuwa kali, vidau havina faida tena." Ukataji wa desimali ukarudishwa siku ile ile, safari hii umeandikiwa maelezo juu yake: msiondoe.

Baada ya hapo tukawa na utaratibu ambao nawashauri muuibe. Rekodini maombi halisi ya wachezaji ya usiku mmoja. Chukueni bakapu (nakala ya akiba) ya hifadhidata ya kabla ya usiku huo, muifungue mara mbili. Upande mmoja rudieni maombi yote kwa msimbo wa zamani, upande wa pili kwa mpya, kisha linganisheni hifadhidata zote mbili mstari kwa mstari. Saa ya seva iwe imegandishwa na namba za bahati nasibu zianze na mbegu moja, yaani namba moja ya kuanzia, la sivyo mtapata tofauti maelfu zisizo na maana. Kila tofauti inayobaki ni kanuni ya gemu ambayo hakuna aliyewahi kuiandika popote. Hapo ndipo mkae muamue: hii twaitaka au hatuitaki?

Wakubwa nao yamewafika. Jagex wa Uingereza walibadilisha mfumo wa mapigano wa RuneScape, gemu yao ya mtandaoni, Novemba 2012, wakaufanya wa kisasa. Wachezaji wakakasirika, wengi wakaondoka. Februari 2013, baada ya kuwapigisha wachezaji kura, Jagex wakafungua Old School RuneScape, iliyotokana na bakapu ya Agosti 2007. Bakapu, wenzangu! Kama isingekuwapo, hadithi ingekuwa nyingine kabisa. Na kuanzia hapo badiliko la maana likawa haliingii mpaka wachezaji walipigie kura, mwanzoni likihitaji asilimia 75 ya kura, baadaye 70. Leo hiyo ya kale ndiyo yenye wachezaji wengi kuliko ile kuu.

Kuna jambo la RuneScape ambalo watu wa pwani tunalijua kwa vidole. Seva yake inahesabu kila sekunde 0.6. Ukibofya mapema au ukichelewa kidogo ndani ya sekunde hiyo 0.6, ni mamoja. Hapa kwetu nyaya za baharini zinatua Mombasa tangu 2009, lakini kutoka Amu mpaka seva iliyoko London na kurudi, ukipata milisekunde mia na hamsini umshukuru Mola, na jioni mji mzima ukiwa mtandaoni yaweza kuwa mara mbili yake. Gemu ya risasi kwa hali hiyo unakufa kabla hujamuona aliyekuua. Gemu ya sekunde 0.6 unacheza sawa na mtoto wa London. Injinia wa kisasa akikabidhiwa gemu hiyo aiandike upya, kitu cha kwanza atakachokiona ni "uzito" huo, autoe, na akiutoa ametutoa sisi.

Najua kuna atakayenitajia Final Fantasy XIV, gemu ya mtandaoni ya kampuni ya Square Enix, kwa hiyo nimtangulie. Ni kweli, ile ilijengwa upya ikafaulu. Ilitoka Septemba 2010 ikiwa mbovu, Naoki Yoshida akakabidhiwa aiongoze Desemba mwaka huo, wakaizima Novemba 2012 na kurudi na toleo jipya, A Realm Reborn, Agosti 2013. Kasoro zake zilikuwa za ajabu. Yoshida mwenyewe alieleza kwamba chungu cha maua kilikuwa na poligoni (vipande vya kuchorea umbo) zipatazo 1,000, sawa na mhusika wa mchezaji. Chungu! Lakini tazameni gharama. Ya zamani waliendelea kuitengeneza huku mpya ikijengwa, wachezaji hawakutozwa ada ya mwezi mpaka Januari 2012, na nyuma yao kulikuwa na Square Enix nzima kulipa mishahara. Nyinyi, kwa maelezo yako, mko watatu na mmoja ana mtoto mchanga. Tena yao ilikuwa haijatimiza hata miaka mitatu ilipozimwa. Haikuwa na watu waliozeeka ndani yake.

Upande wa pili muwekeni Warcraft III: Reforged ya Januari 2020. Gemu ya 2002 iliyokuwa nyepesi, wenye toleo la zamani wakajikuta wanalazimika kupakua kitu cha takriban GB 30, na baadhi ya mambo waliyoyazoea, kama ngazi za ushindani na koo za wachezaji, hayakuwamo ilipozinduliwa. Blizzard, wenye gemu hiyo, waliishia kurudishia pesa yeyote aliyeomba.

GB 30 kwa mtu wa Nairobi mwenye faiba nyumbani ni usiku mmoja. Kwa aliyeko Kizingitini, kisiwani Pate, anayenunua bando kwa siku, ni kuambiwa kwaheri kwa adabu. Nimeona hapa Langoni, mtaa wa Amu: palikuwa na saiba yenye kompyuta kuukuu kutoka ng'ambo, RAM ya GB 4, matundu ya USB yameliwa na kutu ya chumvi hata kipanya hukichomeki bila kukisukasuka. Zilikuwa zinaendesha gemu moja ya risasi bila shida na vijana wanajaa hadi barazani. Gemu ikaja na toleo jipya, la zamani likazimwa, jipya likadai kadi ya picha ambayo bei yake ingenunua kompyuta tatu za pale. Hakuna aliyelalamika wala aliyeandika barua. Walihamia mpira wa PlayStation kwa jirani. Nadhani kwenye takwimu za kampuni walionekana kama wachezaji "waliochoka".

Kwa hiyo vijana wenu wa Unity waulizeni swali moja tu: wachezaji wenu wangapi wanaingia kwa simu? Maana Unity yenyewe haikuwa ikikubali rasmi vivinjari vya simu kwa gemu zake za wavuti mpaka Unity 6 ya mwaka 2024. Kama nusu ya watu wenu wako kwenye Android ya GB 2, hiyo skrini mpya nzuri wataisikia kwa wenzao.

Sasa hiyo Ijumaa. Kabla ya kubomoa chochote, washeni kumbukumbu ya maswali yanayochelewa kujibiwa (slow query log) kwenye MySQL, programu ya hifadhidata, iacheni Ijumaa moja. Nakubashiria mtakuta swali moja au mawili ndiyo yanayokaba kila kitu. Letu lilikuwa jedwali la barua za wachezaji: hakuna barua iliyowahi kufutwa tangu gemu ianze, na halikuwa na indeksi, orodha ya kutafutia haraka, kwenye jina la mpokeaji, kwa hiyo kila aliyefungua sanduku lake seva ilisoma barua za watu wote. Tuliweka indeksi, kazi ya mstari mmoja, ule uangukaji tuliouzoea ukaisha. Na kama ni watu tu wamezidi, ziko njia za unyonge zisizo aibu. EVE Online ya kule Iceland, iliyoanza 2003 na wachezaji karibu wote dunia moja, ikizidiwa na vita inapunguza mwendo wa saa ya eneo lile, mpaka asilimia 10 ya kawaida. Vita vya eneo la B-R5RB vya Januari 2014 vilikwenda saa 21 kwa njia hiyo. Polepole, lakini seva ilisimama.

Maneno ya siri yaangalieni leo, hilo lisingoje. Gemu za umri huo nyingi zilitumia MD5 kavu, njia kongwe ya kuyaficha iliyo rahisi kuvunjwa. Yazungushieni yote bcrypt, njia iliyo imara zaidi, juu ya hiyo MD5 usiku huu, kisha kila mchezaji akiingia mumhifadhie upya bila MD5. Hakuna atakayehisi kitu.

Na anwani ya tovuti, imesajiliwa kwa jina la nani? Kama bado ni ya yule aliyeondoka, mtafuteni kabla hajabadilisha namba ya simu. Mkishapata hiyo kumbukumbu ya Ijumaa ibandikeni hapa, mkiondoa majina ya wachezaji, tuitazame pamoja. Mimi usiku huwa mtandaoni baada ya isha.